Bata wa Msufi

Je, kilichonizuia asubuhi ile kilikuwa huruma au kinyaa? Nimeligeuza swali hili kwa miaka mingi kama mtu ageuzaye samaki juu ya makaa asijue upande upi umeiva, na bado sijapata jibu la kulalia. Watu wa ukoo wa mama yangu hunisifu kwa huruma. Wasimuliapo habari ile husema, "Kijana yule alikuwa na moyo mwepesi, hakuweza kumwumiza ndege." Mimi huinamisha kichwa, kwa sababu ninakumbuka jinsi nilivyokisugua kidole changu mchangani jioni ya kuamkia siku ile, na sina hakika kama moyo ulikuwa na neno lolote katika shauri lile.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikisubiri kuitwa chuo kikuu kusomea udaktari, na katika miaka ile ya themanini kusubiri huko kulikuwa kurefu kiasi cha mtu kusahau anachokisubiri. Nyumbani kwetu Malindi, katika mitaa ya mji wa kale, nilikuwa nimekwisha kuwa kero: kijana mzima, msomi mtarajiwa, alalaye hadi adhuhuri na kuuliza kuna nini cha kula. Mama, ambaye aliolewa mjini akitokea bara, upande wa ziwa la Jilore, ndiye aliyekata shauri.

"Mjombako anapofuka," aliniambia huku akipeta mchele. "Wanawe wako Mombasa, hakuna aitakaye ile kazi. Nenda ukaishike kabla hajaingia nayo kaburini."

"Kazi gani, mama?"

"Ya kuchonga bata."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Babu yangu aliilisha nyumba nzima kwa bata wale mwaka wa njaa," alisema. "Ukitaka kucheka, cheka ukitembea."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Masika yakishapita na maji kutanda kwenye majani ya kandokando ya ziwa, hushuka bata-mwitu wenye uso mweupe, wale ambao mlio wao ni kama mbinja ya mtu amwitaye mwenzake ng'ambo ya barabara. Wanaume wa ukoo wa mama walichonga bata wa mti, wakawapaka rangi, wakawaelesha majini katikati ya vitanzi vya mshipi vilivyofungwa kwenye vigingi. Bata walio hai, waonapo wenzao wametulia wakila, hushuka, na ashukaye hukanyaga kitanzi. Haikuwa biashara. Ilikuwa kitoweo, na ilikuwa fahari ya nyumba moja tu katika eneo lile lote. Babu aliirithi kwa babaye, mjomba kwa babu, na baada ya mjomba hapakuwa na mtu.

Kitu cha kwanza kilichonipokea nilipofika kwake, kabla ya salamu, ni uvundo. Haukuwa uvundo wa zizi wala wa jaa, ambao mtu huuzoea. Ulikuwa mtamu kidogo, na ulikaa nyuma ya ulimi kama kitu kilichokwisha kumezwa.

"Shikamoo, mjomba," nilisema nikiziba pumzi.

"Marahaba. Umekuja na pua yako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ungeiacha mjini."

Mkewe, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, alicheka hadi akaegemea kinu. Uvundo ule ulitoka kwenye chungu alichokifukia nusu nyuma ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na mayai viza. Rangi za bata zilikuwa tatu: chokaa kwa uso, masizi kwa kisogo, na udongo mwekundu wa Marafa kwa kifua. Zote zilikorogwa kwa mayai yale, kwa sababu, mjomba alinieleza, yai zima hubanduka likilowa, lakini yai lililooza hushika kama kupe. Kukikoroga chungu kile kila asubuhi ndiko kulikokuwa kazi yangu ya kwanza. Kimiminika chake kilikuwa na rangi ya usaha wa siku nyingi, na kilitoa mapovu yaliyopasuka polepole, moja moja, kana kwamba kulikuwa na kitu kinachopumua chini yake. Nilijifunga kitambaa puani. Haikunifaa kitu, kwani jioni kitambaa chenyewe kilinuka vilevile.

Mti uliotumika ni msufi, kwa kuwa ni mwepesi na huelea. Mjomba aliniweka kwenye tezo kwanza, kisha patasi, kisha kisu kidogo cha kutolea mdomo na mkunjo wa bawa. Majani makavu ya msasa yalitumika kulainisha. Kichwa kilichongwa peke yake na kuunganishwa na mwili kwa kigingi chembamba shingoni, na chini ya tumbo kilipigiliwa kipande cha risasi, chubwi ya wavuvi, ili bata akae wima upepo ukivuma. Haya yote nilijifunza bila taabu kubwa. Taabu ilikuwa katika namna ya kulijua umbo.

"Macho huiba," mjomba alisema siku moja. Yake yalikuwa yamepata utando, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. "Macho hukupa bata wa manyoya. Mimi namtaka bata aliye chini ya manyoya."

Akanifunga macho kwa kanga ya mkewe, akanikalisha kwenye kigoda, akaniwekea mapajani bata aliye hai. Hivyo ndivyo baba yake alivyomfunza, na ndivyo babu alivyofunzwa: mwanafunzi humpapasa bata gizani hadi mikono iweze kumchonga bila kuuliza.

Kilikuwa kitu cha moto kuliko nilivyotarajia. Moyo wake ulipiga upesi mno hata haukuwa mapigo tena bali mtetemo mmoja, kama wa cherehani. Chini ya manyoya ngozi ilikuwa imelegea, ikiteleza juu ya mifupa kama kwamba haikuwa yake. Mara akajisaidia, na ule ujoto ukapenya suruali hadi kwenye paja. Kisha nikahisi utitiri ukianza kunipanda, kwanza vifundo vya mikono, kisha viwiko, wadudu wadogo wasiohesabika waliokuwa wamempata mwenyeji mpya.

"Mbona anakunja uso hivyo?" nikamsikia mke wa mjomba akiuliza. "Anaoa au anazikwa?"

"Mwache. Panda juu, mpwa wangu. Shingo. Sasa kichwa. Taratibu."

Nikapanda. Shavu lilikuwa laini ajabu. Nikatafuta jicho, na pale palipopaswa kuwa na unyevu, kidole gumba kiligusa kitu kikavu kilichoinuka, kama pindo la nguo lililoshonwa na mtu mwenye haraka.

"Mjomba, ana nini jichoni?"

"Uzi."

"Uzi wa nini?"

"Wa mkonge. Huyo ndiye mwita. Tunamweka majini pamoja na wale wa mti ili awaite wenziwe. Akiona mtu atapiga mabawa, atawafukuza. Asiyeona huita."

Niliivua kanga. Kope za chini zilikuwa zimevutwa juu na kushonwa na za juu, na kando ya mshono palikuwa na ukoko wa manjano, na juu ya ukoko ule sisimizi wawili walikuwa kazini. Ndege alikuwa ameinua kichwa kana kwamba anasikiliza. Sikufika mbali. Nilitapikia kwenye nguzo ya ghala.

"Ndiye daktari wenu wa kesho huyo?" mke wa mjomba aliuliza.

"Anamwaga vya mjini," mjomba akajibu. "Vikiisha ataingiza vya huku."

Nilimwambia mjomba, kwa maneno ya adabu lakini si kwa sauti ya adabu, kwamba jambo lile lilikuwa ukatili. Hakukasirika. Aliuliza, "Dada zako wametogwa masikio?"

"Wametogwa."

"Nani aliwashika vichwa?"

Nilikuwa mmoja wa walioshika.

"Kope ni ngozi, kama sikio," alisema. "Mkono ukiwa mzuri, sindano hupita na ndege asijue. Ubaya uko kwenye mkono mbaya."

Hapa sina budi kusema jambo lisilonipendeza. Mikono yangu iliijua kazi ile. Kila kitu kilichoizunguka kilinichukiza, mayai, utitiri, mafuta ya nyonyo tuliyowapaka bata wa mti hadi vidole vikawa na utelezi usiotoka hata kwa majivu, lakini nishikapo kisu na kipande cha msufi, umbo lilikuja lenyewe. Bata wangu wa kwanza alikuwa amegeuza shingo kidogo, kama ajikunaye ubavu. Mjomba alimpapasa kwa muda mrefu, akamrudia kifuani, akamrudia shingoni.

"Nani kakufunza kumgeuza?" aliuliza.

"Hakuna, mjomba. Ndivyo nilivyomhisi."

Akamwita mkewe aje ashike. Yule mama, ambaye hakuwahi kunisifu kwa lolote, alimshika akamrudisha bila neno, akaenda zake kuchuma mboga ya mchunga. Nadhani hiyo ilikuwa ndiyo sifa yenyewe.

Tulimwelesha pamoja na wenziwe, na bata-mwitu wakashuka kwa mbinja zao hadi wakakaa ubavuni pake. Yaliyofuata sikuyafurahia. Bata aliyenaswa mguu hazunguki kwa madaha. Hugaragara, hujinyea kwa hofu, kinyesi cha kijani majini, na mshipi humchuna ngozi ya mguu mpaka mfupa uonekane kama kijiti kilichobanduliwa gome. Mimi niliwachinja waliokuwa hai. Waliokufa vitanzini walikuwa nyamafu kwangu, ila kwao walikuwa chakula, nao hawakuona haya kunitania.

"Mswahili, hawa wako wa kutazama, sivyo?" mke wa mjomba alikuwa akisema, akipitisha sahani mbele ya pua yangu. "Tazama vizuri."

Nilikula wale niliowachinja. Nyama yao ilikuwa na ladha ya tope, nami niliitafuna huku nikizikumbuka kope zilizoshonwa, na bado niliongeza sima.

Siku moja nilidhani nimepata njia ya katikati. Malindi ilikuwa imejaa mahoteli, na watalii walikuwa wakinunua twiga na vifaru vya mti kando ya barabara. "Mjomba," nilisema, "kwa nini tusichonge bata hawa wakae tu? Wazungu watawaweka sebuleni. Hakuna kutega, hakuna kushona."

Alisitisha kisu. "Bata asiyeita bata ni nini?"

"Ni pambo."

"Kwetu sisi, mti uliofunzwa kudanganya haukai nyumbani bila kazi. Ukikosa wa kumdanganya nje, humgeukia mwenye nyumba. Ndiyo maana mtego ukifa kwa kukosa mrithi, bata wake huvunjwa siku hiyo hiyo. Babu yangu alivunja wa nduguye kwa mkono wake, na nduguye alikuwa hajazikwa."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama asemaye kwamba nazi iliyooza hutupwa.

Kisha mwita akafa. Nilimkuta asubuhi ndani ya tenga lake amelalia ubavu, na siafu walikuwa wametengeneza barabara mbili, moja ikiingia kwenye mshono wa jicho, nyingine ikitoka. Nilimwambia mjomba kwa mbali. Sikutaka kumkaribia ndege wala kumkaribisha mjomba kwake. Siku zile zile tulinasa bata mwingine ambaye mguu wake haukuwa umeumia, jike mwenye sauti kali, na mjomba akasema huyo ndiye.

Aliketi mlangoni penye mwanga. Mimi nilimshika bata mabawa, uso wangu nikiwa nimeugeuza upande wa shamba la mihogo. Nilimsikia mjomba akipumua kwa pua, nikamhisi bata akijikaza mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Kitu cha uvuguvugu kilinidondokea kidoleni. Nilitazama. Sindano ilikuwa imepita kope ikaingia jichoni kwenyewe, na kilichokuwa kikitoka hakikuwa damu bali ute mwangavu, mzito, uliovutika kati ya kidole changu na mdomo wa ndege bila kukatika.

"Imepita?" mjomba aliuliza.

"Imepita, mjomba. Imeingia jichoni."

Aliichomoa sindano, akaufuata uzi kwa vidole mpaka kwenye uso wa ndege, akaugusa ule ute, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada kwa uangalifu ule ule aliokuwa akiupimia mti. Kisha akaifuta mikono yake kwenye shuka, polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Basi ni mimi," alisema. "Si yeye."

Jua lilikuwa bado juu, na mkewe alikuwa ametulia kwenye kinu bila kutwanga.

"Sikiliza, mpwa wangu," alisema hatimaye. "Mkono wangu umekwisha kuwa mkono mbaya. Siushiki tena uzi huu. Jicho lililobaki utalishona wewe kesho asubuhi, na wengine watakaofuata utawashona wewe. Ukishona, ziwa ni lako, tezo ni lako, na nitakufa nikijua nimepokelewa. Usiposhona, mtego umekufa kesho hiyo hiyo. Sitakulazimisha. Lakini usiniambie leo. Leo utasema kwa mdomo, na mimi nataka useme kwa mkono."

"Na wanao wa Mombasa?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanangu hushona mikoba," mjomba alisema. "Waache na mikoba yao."

Jioni ile nilitembea hadi ukingoni mwa maji, nikaketi mahali ambapo ningeweza kuwaona bata wetu wakielea. Wangu niliwatambua kwa shingo. Jambo lililonisumbua si kwamba sikuweza. Niliweza. Vidole vyangu vilikwisha kuujua unene wa kope ile, vilijua ni wapi sindano ingepita bila kugusa kitu, na nikimshona mimi, pengine ndege yule angeumia kidogo kuliko alivyoumizwa na mzee aliyependa kazi yake. Nilijiambia hivyo, na hoja ilikuwa nzuri. Nilijiambia pia kwamba mjomba ni mama, kwamba nikisema la nitakuwa nimemzika akiwa anatembea, na hoja hiyo ilikuwa nzito zaidi. Lakini kila nilipojiona nimeishika sindano, nilihisi ule ute kidoleni, nami nikajikuta nikikisugua kidole hicho kwenye mchanga, ilhali nilikwisha kukiosha kwa sabuni, kwa majivu na kwa ndimu.

Miaka iliyofuata, huko chuoni, nilipasua vyura na panya mbele ya wahadhiri, katika chumba kilichonuka dawa ya kuhifadhia mizoga, na mkono wangu haukutetemeka hata mara moja. Nilipata alama nzuri. Kwa hiyo nikitaka kusema ni huruma, vyura hunikana. Nikitaka kusema ni kinyaa, dawa ile hunikana. Ninachokijua ni kwamba nilipoinuka pale ukingoni nilikuwa nimekwisha kuamua, na kwamba niliona aibu, na kwamba aibu ile haikuugeuza uamuzi.

Asubuhi niliamka nikakuta sindano imewekwa kizingitini, juu ya kipande safi cha nguo. Uzi ulikuwa umetiwa tayari. Ni mkono wa mke wa mjomba, kwa maana yeye pekee ndiye aliyekuwa na macho ya kuutia. Alikuwa akiwasha moto, amenipa mgongo. Mjomba alikaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, uso ameuelekeza kwenye tenga.

Niliichukua sindano nikaichomeka kwenye kuti la ukingo wa paa, mahali ambapo mtoto hawezi kufika. Kisha nikamtoa bata. Jicho lililoharibika lilikuwa limevimba na kujaa usaha, nzi wamelizingira. Lile lingine lilikuwa wazi, jeusi, likinitazama. Asingeweza kuachwa aende hivyo. Nilikwenda naye nyuma ya nyumba, karibu na chungu cha mayai, nikamwelekeza kibla, nikalitaja jina la Mungu, nikamchinja. Niliporudi, damu ilikuwa ingali ikinitiririka mkononi.

"Nimemchinja, mjomba."

Aliinamisha kichwa. "Hukushona."

"Sikushona. Sitashona."

"Umeshindwa au umekataa?"

"Nimekataa, mjomba."

Mkewe aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na hakuwa na mzaha wowote usoni. Alinipokonya bata, akamwangalia jicho, akafyonya, sijui alimfyonya nani. Mjomba akanyoosha mkono, akapapasa ukutani mpaka akalipata tezo, akanipa upande wa mpini.

"Nenda ukawalete wote," alisema.

Nikaingia majini hadi kiunoni, nikakata kamba zao mmoja mmoja, nikawaleta kifuani, wakinidondoshea maji yenye harufu ya nyonyo. Niliwapanga uani. Mjomba aliteremka kwenye kigoda, akachuchumaa kando yao, akawapapasa kwa zamu, wa baba yake, wa kwake, mpaka akaifikia ile shingo iliyogeuka.

"Anza na huyu wako," alisema.

Nilimweka juu ya gogo. Pigo la kwanza liliteleza kwa mafuta. La pili liliingia shingoni, pale kigingi kilipo, na kichwa kikatoka kizima kikabingirika hadi miguuni pa mjomba. Nikaugeuza mwili nikaupasua katikati.